Sauti Yako Isikike: Mwongozo wa Maikrofoni kwa Wacheza Gemu wa Shinyanga na Geita

Katika gemu za timu kama PUBG Mobile, Free Fire na Call of Duty: Mobile, neno moja lisilosikika vizuri hutosha kuiangusha timu nzima. Mwenzako anasema adui yuko kushoto, wewe unasikia mvumo wa feni na nusu ya neno. Wengi wakipatwa na hali hiyo hukimbilia dukani kununua hedifoni mpya. Mara nyingi pesa hiyo hupotea bure, kwa sababu tatizo halikuwa kwenye kifaa. Lilikuwa kwenye umbali wa mdomo, kelele za chumba au mpangilio wa simu. Mchezaji wa Kahama, Katoro au Geita mjini anaweza kulitatua kwa jioni moja akifuata utaratibu huu: apime kwanza, arekebishe yasiyo na gharama, na kununua kuwe jambo la mwisho.

Pima kabla ya kulaumu kifaa

Fungua kinasa sauti cha simu, au jirekodi ujumbe wa sauti wa WhatsApp. Kaa palepale unapochezea, feni ikiwa imewashwa kama kawaida. Tamka kwa nguvu ileile unayotumia kwenye mechi: "Pili, pita pembeni mwa boma, sasa shuka shimoni, subiri ishara." Kisha nyamaza sekunde kumi huku unaendelea kurekodi. Sikiliza rekodi kwa hedifoni na uangalie haya:

1. Herufi p na b zinatoa kishindo: pumzi yako inaipiga maikrofoni moja kwa moja.
2. Sauti inakwaruza unapoipaza: kiwango cha maikrofoni kiko juu mno.
3. Sauti inasikika kama ya mtu aliye mbali: uko mbali na maikrofoni, au chumba kina mwangwi.
4. Wakati wa ukimya kuna mvumo: chanzo ni feni, jenereta au chaja.
5. Rekodi ni safi, lakini wenzako wanalalamika kuwa maneno yanakatika: hapo tatizo ni mtandao, si maikrofoni.

Sogeza mdomo, usipaze sauti

Hakuna marekebisho yenye faida kubwa kuliko umbali. Mahali pasipo na mwangwi, kila umbali unapoongezeka maradufu, sauti yako hupungua kwa desibeli 6 hivi. Kelele ya feni au ya mashine ya jirani haipungui, kwa sababu yenyewe haijasogea. Kwa hiyo ukitoka sentimita 40 na kukaa sentimita 10 kutoka kwenye maikrofoni, unaongeza sauti yako kwa desibeli 12 hivi dhidi ya kelele, bila kutumia hata shilingi moja.

Weka maikrofoni sentimita 5 hadi 10 kutoka mdomoni, pembeni kidogo, usawa wa kona ya mdomo. Pumzi ya p na b itapita kando. Kama maikrofoni yako iko kwenye waya wa hedifoni, ibane kwenye ukosi wa shati ili isisuguane na nguo.

Anayetumia maikrofoni ya simu yenyewe ana jambo la ziada la kuangalia. Kwenye simu nyingi tundu la maikrofoni liko chini, karibu na sehemu ya kuchajia. Ukiilaza simu ili ucheze, kiganja hulifunika tundu hilo bila wewe kujua. Angalia pia kama kava limeliziba. Vumbi la machimbo nalo huingia humo. Lisafishe kwa brashi laini na kavu. Usichokoe kwa sindano, kwa maana unaweza kutoboa utando wa ndani na kuharibu maikrofoni moja kwa moja.

Kelele za eneo letu

Ukanda huu una kelele zake. Nyarugusu na Mwime kuna makarasha ya kusaga mawe ya dhahabu, mitaani kuna jenereta na pikipiki, na nyumba nyingi zimeezekwa kwa mabati. Kila kelele ina dawa yake.

Mvumo usiobadilika, kama wa jenereta, karasha au feni, ndio rahisi kuchujwa na programu. Discord, kwa mfano, ina kichujio cha kelele kiitwacho Krisp. Kiwashe, kisha rudia kipimo. Lakini usiwashe vichujio viwili kwa pamoja, kimoja cha simu au kompyuta na kingine cha programu. Vikifuatana, vitaanza kula herufi s na sh, na maneno yako yatasikika kana kwamba unasemea ndani ya blanketi.

Sauti za watu, muziki wa baa na jogoo ni vigumu kuchuja, kwa sababu zinabadilikabadilika kama sauti yako. Mvua kubwa juu ya bati nayo hujaza chumba kizima. Hapa dawa ni mpangilio wa kubonyeza ndipo uzungumze: maikrofoni hubaki imefungwa mpaka utakapobonyeza kitufe.

Kwa mwangwi wa kuta za tofali na sakafu ya saruji, hamia chumba chenye kitanda na godoro, shusha pazia zito, ning'iniza blanketi kwenye ukuta unaoutazama. Usitumie spika ya wazi, maana sauti za wenzako zitarudi kwenye maikrofoni na wao watajisikia wenyewe.

Kama mvumo unasikika tu simu ikiwa kwenye chaji, chomoa chaja na ujaribu tena. Ukitoweka, umempata mhalifu: chaji simu kabla ya mechi au tumia chaja bora.

Kiwango sahihi

Mtu akiwa kwenye kelele hupaza sauti bila kukusudia. Daktari Mfaransa Étienne Lombard alilieleza jambo hili mwanzoni mwa karne ya 20, na hadi leo linaitwa kwa jina lake. Anayeshinda karibu na mashine huzoea kusema kwa nguvu, na maikrofoni hulemewa. Kwenye kompyuta, shusha kiwango cha maikrofoni mpaka mshale wa kipimo cha sauti ubaki kwenye kijani hata unapopiga kelele ya ushindi. Ukigusa nyekundu, punguza. Kwenye simu, sogeza maikrofoni kando kidogo na uongee kwa utulivu.

Ukilazimika kununua

Hedifoni ya waya mara nyingi inatosha, tena kwa bei nafuu. Kabla ya kulipa, tazama ncha ya pini: yenye pete tatu ina njia ya maikrofoni, yenye pete mbili ni ya kusikilizia tu. Kompyuta yenye matundu mawili, moja la kusikilizia na jingine la maikrofoni, itahitaji kigawanyaji cha waya.

Hedifoni za Bluetooth zina udhaifu ambao wauzaji wengi hawausemi. Kwa kawaida maikrofoni yake ikiwashwa, kifaa huhamia mfumo wa simu, ubora wa sauti hushuka, na sauti ya gemu huchelewa. Kwa mechi, chagua waya.

Mtandao

Mazungumzo hayali bando sana. Hata sauti ikitumwa kwa kilobiti 64 kwa sekunde bila kunyamaza, saa moja hutumia takribani megabaiti 29. Kinachoharibu ni mtandao unaoyumba, kwa sababu kipande cha sauti kikichelewa hutupwa. Zima masasisho ya programu wakati wa mechi, usigawe bando kwa simu nyingine, na ukae karibu na dirisha.

Linda masikio na siri za nyumbani

Shirika la Afya Duniani linashauri kusikiliza kwa desibeli 80 kusizidi saa 40 kwa wiki. Mchimbaji aliyetoka zamu kwenye karasha masikio yake yameshabeba sehemu kubwa ya mzigo huo kabla hajavaa hedifoni. Punguza sauti, pumzika kati ya mechi, na kazini vaa vizibo vya masikio.

Kumbuka pia kwamba maikrofoni iliyo wazi husikiliza nyumba nzima. Mazungumzo ya mauzo ya dhahabu, namba ya siri ya simu au safari ya kesho huwafikia watu usiowajua. Ifunge usipozungumza.

Leo kabla ya mechi, rekodi sentensi ile ya kipimo mara mbili: jinsi ulivyozoea, kisha ukiwa na maikrofoni pembeni ya mdomo na kelele zimepunguzwa. Wapelekee wenzako rekodi zote mbili wachague. Usinunue kitu chochote kabla hujafanya hivyo.