Jeshi Likihitaji Shamba Lako

Wakulima wa skimu, shamba ulilogawiwa ndilo riziki ya nyumba yako. Yafaa ujue mapema: jeshi likitaka kupiga kambi au kufanya mazoezi shambani mwako, sheria yasemaje?

Kulinda nchi kwahitaji ardhi. Katiba ya 1963 ilitaja ulinzi wa nchi kuwa moja ya sababu za kutwaa mali ya mtu, lakini iliagiza mwenyewe alipwe fidia kamili bila kukawia. Katiba ya 2010 nayo yamlinda mwenye mali. Yashike mambo haya:

1. Askari hana ruhusa ya kutwaa shamba kwa amri yake mwenyewe. Kifungu cha 238 chataka usalama wa taifa ulindwe kwa kufuata sheria.

2. Kifungu cha 40 chakataza Serikali kumwondolea mtu mali yake, ila kwa faida ya umma, kwa njia ya sheria, na kwa fidia ya haki, kamili na ya haraka. Mwenye mali aweza kwenda kortini.

3. Chini ya Sheria ya Ardhi ya 2012, kazi ya kutwaa ni ya Tume ya Taifa ya Ardhi. Hutangaza katika Gazeti la Serikali, kisha huita mkutano wa kusikiliza madai ya fidia. Hudhuria, ukapeleke madai yako kwa maandishi.

4. Je, hujapata hati kwa kuwa mkopo wa skimu haujaisha? Kifungu hicho cha 40 chatoa nafasi ya kumlipa fidia hata mkaaji wa nia njema asiye na hati. Tunza barua ya kugawiwa shamba na risiti zote za mkopo. Lakini ardhi iliyothibitika kupatikana kinyume cha sheria hailindwi.

5. Hata wakati wa hali ya hatari, Kifungu cha 58 chasema haki zipunguzwe kwa kadiri inayolazimu tu.

Askari wakiingia shambani bila taarifa, usigombane nao. Uliza kwa adabu jina la mkubwa wao na la kikosi. Andika tarehe, ekari zilizokanyagwa, mazao, miti na seng'enge zilizoharibika. Piga picha, na majirani wawe mashahidi. Siku iyo hiyo peleka habari kwa chifu na kwa ofisi ya ardhi, ubaki na nakala.