SOMO LETU: Milango na Madirisha – Tufikiri Kabla ya Kubadilisha



Hapa Kitui na Makueni, mvua za Oktoba hadi Disemba zikikaribia, wengi wetu hutengeneza nyumba. Zamu ya mtu ikifika katika mzunguko, au mbuzi wawili wakiuzwa, mlango mzee hung'olewa na mpya huwekwa. Lakini pengine baada ya miaka miwili mitatu mlango huo nao umekwisha, na mbuzi hawarudi. Basi tujifunze pamoja.

1. Ni nini kiliharibu mlango wa zamani?
Kama ni mchwa, mlango mpya wa mbao utaliwa vilevile. Mchwa hupanda kutoka ardhini, hasa pale miguu ya fremu imezikwa udongoni. Fremu isimame juu ya saruji au jiwe. Kama ni mvua, turefushe paa kidogo mbele ya mlango. Na kama fremu ingali nzima, tubadilishe mlango peke yake. Usipoziba ufa utajenga ukuta.

2. Mbao au chuma?
Mti wetu wa mukau huvumilia ukame, na mbao zake huwashinda mchwa. KEFRI, taasisi ya utafiti wa misitu, ina kituo Kitui ambako imeshughulikia mti huu kwa miaka mingi. Mbao zozote ziwe zimekauka, maana mbao mbichi hujipinda. Chuma hakiliwi na mchwa, lakini hushika joto na kutu. Kipakwe rangi ya kuzuia kutu kwanza. Ukinunua, uliza geji. Nambari ndogo ndiyo chuma kinene: geji 16 inashinda geji 18. Wengi hudhani ni kinyume.

3. Dirisha si la mwanga tu
Madirisha mawili yanayoelekeana hupitisha hewa na kutoa moshi. Wavu mdogo huzuia mbu wa malaria, ambao huuma usiku. Vyuma vya dirisha huzuia wezi, lakini tufikiri: moto ukianzia mlangoni, watoto watatokea wapi? Angalau dirisha moja la chumba cha kulala liwe na vyuma vinavyofunguka kutoka ndani, na kila mtu nyumbani ajue kuvifungua.

4. Kupima na kupatana na fundi
Pima upana mahali patatu: juu, katikati na chini. Fuata kipimo kilicho kidogo. Kisha pima kona hadi kona, pande zote mbili. Vipimo visipolingana, shimo limepinda. Andikeni mapatano: vipimo, aina ya mbao au geji, bawaba ngapi, bei, na siku ya kumaliza. Fundi apewe pesa za kuanzia, zinazobaki alipwe mlango ukishafunguka na kufungika vizuri. Fundi mwema hatakasirika.

Kikundi kikinunua mbao pamoja, kina nguvu ya kupatana bei. Kazi ya kuweka fremu inaweza kufanywa kwa mwethya, kama tunavyochimba matuta.

Maswali ya kujadili
- Katika kijiji chetu, ni nini huharibu milango zaidi: mchwa, mvua au mbao mbichi?
- Ni nyumba ngapi za wanachama ambazo vyuma vya madirisha havifunguki? Tutafanya nini, na lini?
- Kuna mjane au mzee asiye na mlango unaofungika. Je, tuanze na nani?