Somo la Robo Hii: Takwimu za Hifadhi ni za Nani?



Miradi mingi ya hifadhi huanza kwa kununua kompyuta. Walinzi hujaza fomu, fomu hupelekwa mjini, na kijiji hakioni matokeo. Baada ya muda fomu hazijazwi tena, au hujazwa kwa kubahatisha. Kumbe kazi ya kwanza ni kupanga. Tujifunze kutoka Namibia.

Sheria ya mwaka 1996 iliwapa wananchi wa vijijini nchini humo haki ya kusimamia wanyamapori kupitia hifadhi za jamii. Mwaka 2000 hifadhi hizo zilianza kutumia mfumo uitwao Event Book, yaani Kitabu cha Matukio. Wanajamii wenyewe huamua nini kiandikwe: ujangili, tembo walioharibu mashamba, mifugo iliyoliwa na simba. Mlinzi huandika tukio kwenye kadi ya manjano. Kila mwezi matukio hujumlishwa kwenye chati za bluu, na chati nyekundu huonyesha mabadiliko ya mwaka hadi mwaka. Kitabu chenyewe hubaki kwa jamii. Kinachokwenda serikalini na kwenye mashirika ni nakala, na huko ndiko kompyuta hutumika. Kwa kuwa fomu ni za aina moja, takwimu za hifadhi nyingi huweza kujumlishwa pamoja.

Mambo manne ya kuzingatia:

1. Anzeni na swali. Mnataka kuamua nini? Lisilosaidia uamuzi lisiandikwe.
2. Kubalianeni maneno. "Shamba kuharibiwa" liwe na maana moja katika kila kijiji.
3. Matokeo yarudi kwa aliyeyakusanya, yabandikwe ukutani.
4. Amueni nani aone nini. Mahali alipo faru pasitangazwe, maana jangili naye anasoma.

Kwa wafadhili: kompyuta hununuliwa mara moja, lakini karatasi, mafunzo na ukaguzi huhitaji fedha kila mwaka. Bajeti isiyo na vitu hivyo haijakamilika.

Maswali ya kujadili katika kamati:

- Tembo akiingia shambani leo, taarifa itaandikwa wapi, na nani?
- Mradi ukifungwa kesho, daftari litabaki kwa nani?

Kama swali la pili halina jibu, msinunue kompyuta bado.