Pakiti ya Unga wa Mtoto Husomwa Mgongoni

Mtoto akitimiza miezi 6, maziwa ya mama peke yake hayamtoshi tena, hasa kwa madini ya chuma. Anaendelea kunyonya, ila sasa anahitaji na chakula. Ukifika dukani unakuta pakiti zimejaa rafuni, kila moja na picha ya mtoto mwenye mashavu. Picha haina la kukwambia. Geuza pakiti.

Viambato hupangwa kwa uzito, kilicho kingi kikitangulia. Ukiona sukari imeshika nafasi ya pili au ya tatu, rudisha. Soma vizuri, maana sukari huingia pia kwa jina la glukosi, sharubati au asali. Asali, hata iwe mbichi ya Tabora, asipewe mtoto kabla ya miezi 12. Inaweza kubeba vimelea vya sumu inayolegeza misuli mpaka ya kupumulia.

Halafu kuna unga wa lishe wenye "nafaka 10". Mahindi, mtama, uwele, ulezi, mchele, ngano: zote hizo kwa sehemu kubwa ni wanga, na kuzirundika hakugeuzi uji kuwa nyama. Mimi ningechagua nafaka moja au mbili, jamii ya kunde, na maandishi yanayosema umeongezwa chuma na zinki. Soya iwe imekaangwa au kuchemshwa kabla ya kusagwa, kwani ikiwa mbichi huzuia mwili kutumia protini.

Mahindi na karanga vina hatari nyingine: sumukuvu. Mwaka 2004 mahindi yenye sumu hiyo yaliua watu zaidi ya 100 mashariki mwa Kenya. Mwaka 2016 ikaua watu Dodoma na Manyara. Kuchemsha uji hakuiondoi. Kwa hiyo unga wa kupimiwa kwenye ndoo, usiojulikana umesagwa lini wala na nani, usimnunulie mtoto. Tafuta alama ya ubora ya TBS, au KEBS ukiwa Kenya, jina la mtengenezaji, namba ya toleo na tarehe ya mwisho wa matumizi.

Nyumbani, pika uji mzito unaotulia kwenye kijiko; ule wa kunyweka kwa chupa ni maji mengi. Ongeza yai lililopondwa, parachichi au unga wa dagaa. Pakiti ikishafunguliwa, hamishia unga kwenye kopo kavu lenye mfuniko, uchote kwa kijiko kikavu, na ukianza kunuka uvundo, mwaga.