Saratani ya Tezi Dume: Habari za Ukoo wa Mama Nazo Zina Uzito

Mwanamume anapofika kituo cha afya akieleza kuwa mkojo unatoka kwa shida, huulizwa kama baba au ndugu yake wa kiume aliwahi kuugua saratani ya tezi dume. Swali hilo ni la msingi. Mwenye baba au ndugu wa kuzaliwa naye aliyepata ugonjwa huu ana hatari zaidi ya mara mbili ya wanaume wengine. Utafiti wa mapacha wa Denmark, Finland, Norway na Sweden, uliochapishwa mwaka 2016, ulikadiria kuwa asilimia 57 ya tofauti za hatari baina ya mtu na mtu hutokana na urithi. Hata hivyo, ni swali linalogusa nusu tu ya ukoo.

Mabadiliko ya jeni yanayorithiwa hayana nguvu sawa. Yapo mamia ambayo kila moja huongeza hatari kidogo tu. Lipo pia badiliko katika kromosomu ya 8 ambalo huonekana karibu kwa watu wenye asili ya Afrika pekee. Uchunguzi wa wanaume wa Uganda, uliochapishwa mwaka 2018, ulilihusisha na hatari kubwa zaidi. Mengine ni machache lakini mazito, hasa yale ya jeni ya BRCA2, ambayo kazi yake ni kurekebisha vinasaba vilivyoharibika ndani ya seli. Jeni hiyo ikiwa na hitilafu, mwanamke hukabiliwa na saratani ya matiti au ya ovari, na mwanamume huweza kupata ya tezi dume. Mama mwenye hitilafu hiyo anaweza kumrithisha kila mtoto kwa uwezekano wa nusu kwa nusu, awe wa kike au wa kiume. Kwa hiyo bibi mzaa mama au mama mdogo aliyefariki kwa saratani ya matiti ni sehemu ya jibu analopaswa kulitoa mwanamume huyo.

Kwa familia za Ujiji na vijiji vya mwambao, habari hizo hazipatikani nyumba moja. Koo nyingi zina asili ng’ambo ya ziwa, na ndugu wako Kalemie, Uvira au Rumonge. Tena wazee wengi huelezwa tu kwamba “walifariki kwa kuziba mkojo”, jambo ambalo huweza pia kusababishwa na uvimbe wa tezi usio saratani. Simu moja kwa shangazi anayekumbuka umri wa marehemu na hospitali alikotibiwa husaidia kuliko kukisia.

Kurithi badiliko si kuugua. Wapo walio nalo wasiougua maisha yao yote, na wapo wanaougua bila kuwa nalo. Jumuiya ya Saratani ya Marekani hushauri wanaume weusi, na wote wenye baba au ndugu aliyeugua kabla ya miaka 65, wazungumze na daktari kuhusu uchunguzi wakiwa na miaka 45. Wenye ndugu wa karibu zaidi ya mmoja waliougua mapema, miaka 40. Kusubiri maumivu ni kuchelewa, kwani saratani hii ikiwa changa kwa kawaida haiumi.

Kipimo cha PSA ni cha damu, wala si hukumu: kiwango hupanda pia kwa maambukizi au kwa tezi kuongezeka ukubwa. Mwenye historia katika ukoo aanzie zahanati au kituo cha afya kilicho karibu, na ikibidi hupewa rufaa kwenda Hospitali ya Rufaa ya Mkoa, Maweni. Aende na majina ya magonjwa ya pande zote mbili, yakiwa yameandikwa.