Vitufe vya Simu na Chumvi ya Bahari

Mtu anayeishi Raskazone, Sahare au karibu na mwalo wa Deep Sea jijini Tanga hubeba simu yake katika hewa yenye chumvi mwaka mzima. Chumvi hiyo haionekani. Husafiri ndani ya matone madogo mno yanayorushwa na mawimbi, hasa wakati wa kusi, kisha hutua juu ya mabati, madirisha na baiskeli, na vilevile katika upenyo mwembamba unaozunguka kitufe cha simu. Humo hukutana na jasho, vumbi na mafuta ya vidole. Miezi kadhaa ikipita, kitufe cha kuwashia huwa kigumu, cha sauti hujibonyeza chenyewe, au tarakimu moja ya kitochi hukataa kuandika mpaka ikandamizwe kwa nguvu.

Kasoro hii huonekana ndogo hadi inapogusa fedha. Mwenye kitochi hutuma fedha kwa kubonyeza tarakimu tu. Tarakimu 5 ikijirudia, shilingi 5,000 huwa shilingi 55,000. Kwa hiyo, kitufe kinapoanza kusumbua, soma kwa makini kiasi na jina la mpokeaji kabla ya kuweka namba ya siri. Aliyeifunga laini yake kwa namba ya siri naye ajihadhari: akikosea mara tatu mfululizo, laini hujifunga hadi iwekwe namba ya PUK. Kwa upande wa simu janja, baadhi hupiga simu ya dharura kitufe cha kuwashia kinapobonyezwa mara tano kwa haraka. Kitufe kilichokwama kinaweza, bila mwenyewe kujua, kuisumbua namba 112 inayohitajiwa na mtu mwenye dharura ya kweli.

Ili kusafisha bila kuharibu, ni vyema kujua kilichomo chini ya kitufe. Katika simu nyingi, kitufe unachokigusa ni kifuniko tu. Chini yake kuna kisahani chembamba cha chuma kilichobinuka kama gamba la kobe. Ukibonyeza, kisahani hulala na kuunganisha njia mbili za umeme; ukiachia, huruka na kurudi juu, na ndipo kidole huhisi ule mdundo mdogo. Chumvi ya kawaida hunyonya maji kutoka hewani pale unyevu unapozidi takriban asilimia 75, hali ambayo mkazi wa pwani huijua vizuri. Maji hayo ya chumvi hupitisha umeme na hula shaba, yakiacha kutu ya kijani. Ndiyo maana simu ambayo haijawahi kutumbukia majini inaweza kukutwa na kutu ndani.

Kabla ya kusafisha, zima simu, vua kava, na utoe betri ikiwa ni ya kutoka. Hata hivyo, ikiwa kitufe cha kuwashia kimekaribia kufa, tafakari kwanza: simu ikishazimwa huenda isiwake tena. Katika hali hiyo hifadhi nakala ya majina na picha zako, kisha umwachie fundi kazi hiyo.

Shika simu ili kitufe kitazame chini, uchafu uanguke nje badala ya kuingia ndani. Piga mswaki mpya, laini na mkavu kuzunguka kingo za kitufe. Mara nyingi hatua hiyo pekee hutosha. Uchafu ukiwa umeganda, chovya kijiti cha pamba katika spiriti yenye nguvu isiyopungua asilimia 70, ambayo hupatikana katika maduka ya dawa, ukikamue kibaki na unyevu tu, kisha upitishe pembeni mwa kitufe. Bonyeza kitufe mara ishirini au thelathini simu ikiwa imezimwa. Bonyeza-achia hiyo huilegeza chumvi. Futa kwa kitambaa laini kisichoacha nyuzi, kama kile cha miwani, halafu rudia kwa kijiti kipya, kwa sababu kijiti kichafu hurudisha chumvi ile ile. Iache simu kivulini penye upepo wa feni kwa saa moja au zaidi kabla ya kuiwasha. Spiriti hushika moto upesi, hivyo kazi hii isifanyiwe karibu na jiko.

Usitumie sindano wala pini. Tundu dogo pembeni mwa simu linaweza kuwa la kipaza sauti, si la kutolea laini, na likitobolewa utasikia wenzako lakini wao hawatakusikia. Petroli, thina na dawa za kung'arisha nguo huharibu plastiki na raba. Kupuliza kwa mdomo, desturi iliyozoeleka mno, huongeza mate na unyevu palepale unapotaka pakauke. Ukiona mgongo wa simu umevimba au kioo kimeanza kuinuka, usikibonyeze kitufe hata kidogo wala usiichaji: huenda kitufe kimebanwa na betri iliyovimba, na betri ya namna hiyo inaweza kuwaka.

Simu ikianguka baharini, mchele hausaidii. Maji yatakauka na chumvi itabaki, na punje ndogo za mchele zinaweza kuingia katika matundu. Apple yenyewe imewaonya wateja wake dhidi ya desturi hiyo. Alama ya IP68 nayo isikupe ujasiri wa kuogelea na simu, kwani vipimo vyake hufanywa kwa maji baridi yasiyo na chumvi. Izime, usiichaji, na uifikishe kwa fundi siku hiyo hiyo.

Ukimpelekea fundi, toa laini na kadi ya kumbukumbu ubaki nazo. Fundi hahitaji namba yako ya siri ya fedha kwa sababu yoyote ile, hata akisema anataka kujaribu vitufe. Anaweza kuvijaribu kwa kuandika tarakimu zozote. Chagua fundi mwenye leseni ya Mamlaka ya Mawasiliano na udai risiti inayotaja kasoro, bei na muda wa dhamana. Ikiwa simu bado ina dhamana ya muuzaji, anza kwake, kwa kuwa kufunguliwa na mtu mwingine huweza kuiondoa.

Kabla ya kumkabidhi simu, bonyeza *#06# na uandike namba ya utambulisho yenye tarakimu 15. Simu ya laini mbili huwa na namba mbili. Tangu simu bandia zilipozimwa nchini mwezi Juni 2016, namba hiyo ndiyo inayoamua kama simu itaendelea kupata mtandao, na Sheria ya Mawasiliano ya Kielektroniki na Posta ya mwaka 2010 inakataza kuibadili. Unapoichukua simu, bonyeza tena *#06# na ulinganishe. Zikitofautiana, huenda ndani mmebadilishwa zaidi ya kitufe. Mtake fundi maelezo ungali mbele yake, risiti ikiwa mkononi. Laini irudishwe baada ya ukaguzi huo, si kabla.