Jua Haki Zako: Muswada wa Filamu ni Mali ya Nani?

Tuchukue mfano wa kijana wa Likoni ambaye, kwa miezi minane, kila akirudi kutoka katika vibarua vyake vya mchana, ameketi usiku akaandika hadithi ya nahodha mzee anayekataa kuuza jahazi lake. Alipoimaliza akavuka kivuko akaipeleka kwa mtayarishaji wa filamu, au prodyusa kama wasemavyo watu wa kazi hiyo, akapokewa kwa bashasha, akaambiwa kwamba hadithi ni njema lakini yataka kunyoshwa, akatiwa mkononi shilingi elfu kumi za nauli na chai, akarudi kwao akimshukuru Mungu. Mwaka ukapita, kisha siku moja akaiona hadithi ile katika televisheni: nahodha ni yule yule, jahazi ni lile lile, maneno mengi ni yale yale, lakini jina la mtunzi ni la mtu mwingine. Je, amedhulumiwa? Kila mwenye insafu atasema ndiyo. Lakini mahakama haiamui kwa huruma peke yake, bali kwa mambo machache ambayo kijana huyo aliyafanya, au alighafilika asiyafanye, kabla ya siku ile. Mambo hayo ndiyo ninayotaka kumfahamisha leo kila anayeanza kuandika skripti.

Jambo la kwanza ni kwamba sheria inamtambua. Ibara ya 40 ya Katiba ya Kenya ya mwaka 2010 inaitaka dola iilinde milki ya ubunifu ya wananchi, na Sheria ya Hakimiliki ya mwaka 2001 inauhesabu muswada wa filamu miongoni mwa kazi zinazolindwa, kwa masharti mawili tu: kwamba mtunzi ametia juhudi ya kutosha hata kazi ikawa na sura yake yenyewe, na kwamba kazi hiyo imeandikwa au imerekodiwa, si maneno yaliyo kichwani. Masharti hayo yakitimia, hakimiliki huzaliwa papo hapo, bila ada, bila muhuri wala ruhusa ya mtu yeyote. Kuiandikisha kazi kwa Bodi ya Hakimiliki ya Kenya, ijulikanayo kama KECOBO, si sharti la kuipata haki, bali ni njia ya kuithibitisha; na ingawa asiyejiandikisha hapotezi haki yake, aliye na cheti chenye tarehe husimama mbele ya hakimu akiwa na shahidi asiyesahau.

Jambo la pili, ambalo limewaliza wengi, ni kwamba sheria hailindi fikra, bali hulinda namna fikra ilivyoelezwa. Nahodha mzee na jahazi lake ni fikra ambayo mtu yeyote kutoka Lamu hadi Vanga aweza kuiwaza na kuiandika kwa njia yake. Lakini mpango wa matukio jinsi ulivyoyapanga, wahusika jinsi ulivyowaumba, na mazungumzo jinsi ulivyoyaweka vinywani mwao, hayo ni mali yako. Kwa hiyo anayekwenda kusimulia hadithi asiyoiandika, barazani au ofisini, hugawa kile ambacho sheria ya hakimiliki haitaweza kumrudishia. Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Andika kwanza, ndipo usimulie. Hifadhi kila rasimu pamoja na tarehe yake. Na ukishaonana na mtayarishaji, mpelekee siku hiyo hiyo barua fupi ya shukrani, hata kwa simu au kwa baruapepe, ukitaja kwamba umemwachia muswada wa jina fulani wenye kurasa kadhaa ili ausome. Barua hiyo haina ukali wowote, nayo yaweza kuwa ushahidi mkubwa kuliko yamini za watu kumi.

Sasa tuingie katika kiini cha mambo, nacho ni suala la nani mwenye mali. Kifungu cha 31 cha sheria hiyo chasema hakimiliki huanza kwa mtunzi. Lakini chaongeza kwamba kazi iliyoagizwa na mtu mwingine, au iliyofanywa na mwajiriwa katika ajira yake, huhesabiwa kuwa imehamia kwa aliyeagiza au kwa mwajiri, isipokuwa pande mbili zimepatana vinginevyo. Yasome tena maneno hayo, ewe mtunzi kijana, kwa sababu maana yake ni nzito. Hadithi uliyoiandika kwa hiari yako, kabla hujamjua mtayarishaji, ni yako mpaka utakapoitoa. Lakini hadithi uliyoambiwa uiandike kwa ujira, nawe ukaiandika pasipo mapatano ya kuizuilia haki yako, imeshaondoka mikononi mwako, wala hukuulizwa, kwa sababu sheria imeufasiri ukimya wako kuwa ni ridhaa. Hapo ndipo watunzi wengi huangukia, si kwa kutia saini mkataba mbaya, bali kwa kutokuwa na mkataba wowote.

Zaidi ya hayo, muswada na filamu ni milki mbili mbalimbali. Watu wa Mombasa hawahitaji kufundishwa jambo hili, kwani wamekaa miaka mingi katika mji ambao nyumba huweza kuwa ya mmoja na ardhi iliyo chini yake ikawa ya mwingine. Filamu iliyokwisha kutengenezwa, kwa mujibu wa sheria, mtunzi wake ni yule aliyefanya maandalizi ya kuitengeneza, yaani mtayarishaji, naye ndiye mwenye nyumba; lakini muswada ndio ardhi, na kama hukuuza ardhi, bali ulimruhusu ajenge nyumba moja juu yake, basi hana ruhusa ya kuongeza ghorofa, yaani sehemu ya pili, mfululizo wa televisheni au tafsiri ya lugha nyingine, bila kurudi kwako.

Ardhi hiyo huuzwaje? Kifungu cha 33 chasema kwamba kuhamisha hakimiliki, au kutoa leseni ya kipekee inayomfungia nje kila mtu mwingine, hakuna nguvu isipokuwa kwa maandishi yaliyotiwa saini na mtoaji au wakili wake. Hiyo ni ngao kubwa: hakuna shilingi za chai, wala kupeana mikono, wala ahadi ya mdomo, iwezayo kukupokonya hakimiliki ya kazi uliyoiandika kwa hiari yako. Lakini ngao hiyo ina tundu, kwa maana leseni isiyo ya kipekee yaweza kutolewa kwa mdomo, au hata kukisiwa kutokana na mwenendo wako. Na anayemtazama mtayarishaji akipiga picha za hadithi yake, akanyamaza na akaja kula pilau ya siku ya kufunga kazi, asistaajabu akiambiwa baadaye kwamba aliruhusu.

Basi mkataba wa mtunzi, hata ukiwa wa ukurasa mmoja, na useme waziwazi ni kazi gani inayotolewa. Ni haki gani zinazouzwa na zipi zinazobaki kwako. Kwa muda gani na kwa nchi zipi. Ujira ni kiasi gani na utalipwa lini, hususan sehemu ya kwanza kabla hujaandika neno. Utaifanyia marekebisho mara ngapi kwa ujira huo huo. Jina lako litaonekana vipi. Na haki zitarudi kwako lini iwapo filamu haikutengenezwa. Ukiandika pamoja na mwenzako, mwandikiane pia ninyi wawili, fungu la kila mmoja na namna ya kuamua mkitofautiana, maana urafiki ni johari, na johari hutunzwa katika sanduku. Na kama hadithi si yako, bali umeitoa katika kitabu cha mtu, tafuta idhini yake kwanza, kwa kuwa haki ya kuifanya hadithi kuwa filamu ni ya aliyeiandika. Filamu ya Kenya iitwayo Rafiki, ya mwaka 2018, ilitokana na hadithi fupi ya Monica Arac de Nyeko wa Uganda, mshindi wa tuzo ya Caine ya mwaka 2007.

Zipo haki mbili zisizouzika maishani mwako. Kifungu cha 32 kinampa mtunzi haki ya kutambuliwa kuwa ndiye mtunzi, na haki ya kupinga kazi yake isiharibiwe kwa namna itakayomvunjia heshima, hata baada ya kuuza mengine yote. Mtayarishaji aweza kununua ardhi yote. Hawezi kununua ukweli kwamba wewe ndiwe uliyeandika. Nayo hakimiliki yenyewe hudumu maisha yako yote na miaka 50 baada ya mwaka wa kufa kwako, na hurithiwa kama mali nyingine inayohamishika. Basi itaje katika wasia wako, kama unavyotaja shamba na nyumba.

Wasomaji wa ng'ambo ya mpaka wajue kwamba Tanzania Bara ina sheria yake ya mwaka 1999 na taasisi yake ya COSOTA, na Zanzibar ina sheria ya mwaka 2003 na COSOZA; hivyo kanuni ya kazi ya kuagizwa niliyoieleza ni ya Kenya, na kila mmoja aisome ya kwao. Lakini Kenya na Tanzania zote ni wanachama wa Mkataba wa Berne, na mtunzi wa nchi moja hulindwa katika nyingine.

Tumrudie sasa kijana wetu wa Likoni. Muswada aliuandika kabla ya kuagizwa na mtu, wala hakutia saini hati yoyote ya kuutoa. Kwa hiyo ungali wake, na elfu kumi za nauli si bei yake. Mtayarishaji akidai kwamba aliruhusiwa kuutumia, bado hana jibu la kuliondoa jina la mtunzi. Kijana huyo aweza kupeleka malalamiko kwa KECOBO, na aweza kwenda mahakamani kuomba amri ya kuzuia, fidia, na hesabu ya faida iliyopatikana. Na kama hana uwezo wa wakili, aulize kwa Huduma ya Kitaifa ya Msaada wa Kisheria, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2016. Asikawie, maana madai ya kisheria yana muda wake, na rasimu zake na barua zake ndizo zitakazomsemea.

Nawe unayeandika usiku huu, maliza ukurasa wako, utie tarehe, uuhifadhi. Na kesho ukiambiwa uandike kwa ujira, usianze sentensi ya kwanza ya hadithi kabla ya kuandikwa sentensi ya mwisho ya mkataba.